Kwa Nini Kanisa Liko Chini ya Mtandi

Ukitoka Mtwara mjini kwenda Masasi kwa njia ya Mnazi Mmoja, safari ya kilomita 200 hivi, ukishaipita Nyangao unaandamana na ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde mkono wa kushoto, umesimama kama ukuta wa kijani. Baada ya Ndanda ukuta huo unajitenga na barabara, nchi inafunguka, mikorosho huku na huku, na majabali yanaanza. Hayapigi hodi. Nchi ni tambarare, tambarare, halafu liko jabali limesimama peke yake, halina vilima vidogo vya kulitangulia wala vya kulisindikiza. Mbele kidogo lingine. Mji wa Masasi umejipenyeza katikati yao.

Mtandi ni mojawapo ya majabali hayo, na ndilo lenye jina zito kuliko mengine. Miguuni pake ndipo lilipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Mariamu na Mtakatifu Bartholomayo, makao ya Dayosisi ya Masasi ya Kanisa Anglikana. Mtu wa Masasi akikwambia anakwenda Mtandi, huenda anakwenda misa, huenda ana shida ofisi za dayosisi, na huenda anarudi nyumbani kwake tu, maana Mtandi ni kata pia. Jiwe, kanisa na mtaa vimekuwa neno moja.

Tangu utotoni nimesikia watu wakiulizana kuhusu mahali hapa, na majibu yamekuwa ni yale yale. Kuna wanaosema jabali lilikuwa volkano, likazimika. Kuna wanaosema palikuwa mahali pa mizimu, Wazungu wakaja wakaweka kanisa juu yake ili kuizima. Na kuna wanaosema, kwa ufupi kabisa, kwamba kanisa lililetwa na Wazungu na habari imeishia hapo. Jibu hili la mwisho ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linawafuta watu zaidi ya 50 waliotembea kwa miguu kutoka Lindi hadi hapa, ambao bila wao kanisa hilo pengine lingejengwa ng'ambo ya Ruvuma na Mtandi ungebaki mwamba tu.

Nianze na mwamba wenyewe, kwa kuwa ndio uliotangulia.

Okota kipande cha jiwe kilichobanduka pale chini, ukigeuze juani. Utaona mistari: mweupe, wa kijivu, mweusi, imelala sambamba lakini imepindapinda kama nyuzi za kitambaa kilichokunjwa. Ndani yake kuna vipande vyembamba vinavyometameta. Huo ni ulanga. Sasa kumbuka jiwe la Rungwe au la Kilimanjaro: jeusi, laini kwa jicho, mara nyingi lina vitundu vilivyoachwa na hewa ya moto. Mawe hayo mawili hayana undugu. La Rungwe lilimwagika likiwa uji wa moto, likapoa hadharani. La Mtandi halikuwahi kumwagika popote. Lilikuwa kilomita nyingi chini ya ardhi, likabanwa na kupikwa kwa joto hadi madini yake yakajipanga upya katika mistari ile. Wanajiolojia huuita mwamba wa namna hii mwamba geuzi, na huu wa kwetu ni sehemu ya mkanda mrefu sana unaokwenda kaskazini na kusini mwa mashariki ya Afrika, unaojulikana kama Mkanda wa Msumbiji. Ulipikwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, pale mabara ya kale yaliposukumana na kubanana. Kwa hiyo volkano, hapana.

Lakini kama haukumwagika, ulifikaje juu? Hapa ndipo akili ya wengi hukwama, na hata mimi ilinichukua muda. Tunaona kilima tukadhani kilipanda. Mtandi haukupanda kutoka katikati ya uwanda. Uwanda ndio ulioshuka.

Mtu yeyote wa kusini ameona gogo la mpingo lililolala porini miaka mingi. Nje, mpingo una mti mweupe. Ndani una kiini cheusi. Mchwa wakilivamia gogo, hula ule mweupe wote, na kiini hubaki kimelala juu ya vumbi kama chuma. Mchonga vinyago wa Kimakonde hufanya kazi hiyo hiyo kwa tezo lake: anaondoa mweupe mpaka akifikie cheusi. Ardhi ya Masasi imefanyiwa hivyo. Mwamba wa chini haukuwa sawa kila mahali. Sehemu kubwa ilikuwa na nyufa nyingi, sehemu chache zilikuwa nzima. Maji ya mvua yaliingia kwenye nyufa, yakakaa, yakaozesha jiwe polepole likawa udongo mwekundu. Mito ikaja kuuchukua udongo ule, kidogo kila masika, kwa mamilioni ya miaka. Pale palipokuwa na nyufa pakaliwa hadi chini. Pale jiwe lilipokuwa zima, maji hayakupata pa kuingilia, likabaki. Kiini cheusi.

Na likiisha kubaki hadharani, jabali huanza kumenyeka. Jiwe lililozoea kubebeshwa mzigo wa kilomita kadhaa za mwamba, mzigo ukiondolewa, hupumua. Hutanuka kidogo, na ngozi yake ya juu huachana na ya chini. Ndiyo maana ubavu wa Mtandi una maganda makubwa yaliyopinda, kitunguu cha mawe. Ndiyo maana pia majabali haya ni mviringo kwa juu, hayana ncha. Ile michirizi myeusi inayoteremka mgongoni mwake, ambayo watoto husema ni machozi, ni njia za maji ya mvua, mahali ambapo vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho hupata unyevu wa kuishi.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wetu wangestahili kufundishwa tangu darasa la tatu. Kati ya mwaka 1895 na 1897 mjiolojia Mjerumani, Wilhelm Bornhardt, alizunguka koloni lao hili, na nchi hizi za kusini zikiwemo. Alipoona majabali yaliyosimama juu ya tambarare kama visiwa juu ya bahari, alihitaji neno la kuyaita, akalitunga: Inselberg, yaani mlima-kisiwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1900. Neno lile leo linatumika katika vitabu vya jiografia dunia nzima, na majabali ya mviringo kama Mtandi hupewa hata jina lake mwenyewe, bornhardt. Mwanafunzi wa Brazil au wa Australia anajifunza neno lililozaliwa kwa kutazama ardhi yetu, na wa kwetu anakariri kwamba ni neno la Kijerumani.

Sasa maji, maana bila maji huwezi kuelewa lolote linalofuata. Masasi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine ukigusa Mei. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu. Mvua ikinyesha juu ya shamba, ardhi inakunywa. Ikinyesha juu ya jabali, jabali halinywi. Maji yote huteremka, na miguuni mwa mwamba udongo hupokea mvua yake yenyewe na mvua ya jabali zima juu yake. Udongo wa hapo hukaa na unyevu muda mrefu baada ya mashamba ya mbali kukauka, visima havichimbwi kwa kina kirefu, miembe hunenepa. Linganisha na uwanda wa Makonde, kule Newala, ambako udongo wa mchanga hunywa maji yakapotelea chini kabisa, na kwa vizazi vingi akina mama walishuka mabondeni kuteka na kupanda tena na mtungi kichwani. Mtu aliyezoea shida hiyo akifika chini ya Mtandi haulizi jiwe lilitoka wapi. Anauliza nani mwenye ardhi hii.

Je, palikuwa mahali pa mizimu? Swali hili lazima lijibiwe kwa heshima, kwa sababu linahusu dini ya wazee wetu, na wazee wetu hawakuwa wakiabudu mawe. Wayao walimwita Mungu Mulungu, Wamakua wakamwita Muluku, Wamakonde Nnungu. Kwa Wayao na majirani zao, mahali pa kuomba palikuwa mara nyingi chini ya mti, hasa msolo, na kilichotolewa kilikuwa unga, unaomiminwa taratibu chini ya shina, huku mkubwa wa ukoo akiwataja waliotangulia kwa majina yao. Unga huo haukuwa wa mti, wala ule mlima nyuma ya mti haukuhusika. Ulikuwa wa babu fulani na bibi fulani, waliokuwa na majina, waombwe wafikishe shida ya wajukuu wao. Bibi yangu alinifundisha hivyo nikiwa mdogo: anayesalimiwa ni mtu, hata akiwa amelala.

Kwa hiyo ile habari ya kwamba wamisionari waliona hekalu la wapagani juu ya jabali wakaamua kulikalia, sioni mahali pa kuiegemeza. Jabali lilikuwa na kazi nyingine, na si ndogo. Katika karne ya 19 nchi hii ilikuwa njiani. Misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilishuka kwenda Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani, na watu walikuwa miongoni mwa bidhaa. Katika nchi kama hiyo, mahali unapoweza kumwona anayekuja kabla hajakuona, penye mapango na mawe ya kujificha, penye maji, ni mahali pa uhai. Kama kuna utakatifu uliokuwepo pale kabla ya kengele ya kwanza, mimi naamini ulikuwa huo.

Tukumbuke biashara hiyo ilivyoanza kufungwa. Mnamo Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akibanwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Kabla na baada ya hapo manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini, na watu waliokutwa ndani, watoto wengi wakiwa miongoni mwao, walipelekwa Zanzibar. Baadhi walikabidhiwa kwa misheni iliyojulikana kwa herufi zake, UMCA, iliyoundwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwezi Desemba 1857. Misheni hiyo ilijaribu kwanza kukaa Magomero, katika nyanda za Shire, Malawi ya leo, mwaka 1861. Homa na vita viliwashinda, askofu wao Mackenzie akafa mapema mwaka uliofuata, na mwaka 1864 wakahamia Zanzibar. Tangu hapo waliishi na deni moyoni: wamekuja kwa ajili ya watu wa ziwa, wamekwama kisiwani.

Aliyetaka kulipa deni hilo alikuwa Askofu Edward Steere. Wasomaji wa Kiswahili wanalijua jina lake kwa sababu nyingine, kwa kuwa alikuwa miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kuandika sarufi ya lugha hii na kukusanya hadithi zake, na ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1875 alitembea kutoka Lindi hadi Mwembe, kwa Mataka, mkuu wa Wayao, ng'ambo ya Ruvuma. Mpango wake ulikuwa kuanzisha kituo huko. Mwaka uliofuata, 1876, alirudi Lindi akiwa na mmisionari kijana, William Percival Johnson, na kundi la wake kwa waume waliokombolewa, zaidi ya 50. Wengi asili yao ilikuwa bara huku, kwa Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa. Walikuwa wakirudishwa.

Sasa fikiri juu ya msafara huo. Mtu aliyebebwa akiwa mtoto, mikono imefungwa, kwa njia hii hii au iliyo sambamba nayo, anapanda tena kutoka pwani akiwa mtu mzima, ana jina jipya la ubatizo, anazungumza Kiswahili cha Unguja, na mzigo alioubeba kichwani ni wake mwenyewe. Anapita miti anayoijua. Anasikia watu wa vijijini wakizungumza lugha ambayo mara ya mwisho aliisikia kwa mama yake. Wamefika Masasi mwezi Novemba.

Mkulima atauona uzito wa mwezi huo mara moja. Novemba ndio mwezi wa mashamba kuwa tayari. Asiyekuwa na shamba mvua zikianza, mwaka mzima unaofuata ataomba. Mbele bado kulikuwa na safari ndefu ya kwenda Mwembe, mto mkubwa wa kuvuka, na wapagazi walikuwa hawataki tena kuendelea. Waliokombolewa wakatazama mahali walipo: majabali, udongo mzuri, maji, vyakula, wenyeji wanaoongea lugha zao. Wakasema hapa panatosha, hapa ni kama kwetu. Steere akakubali. Kijiji cha watu huru kikaanza chini ya majabali ya Masasi, naye akarudi Zanzibar akamwacha Johnson.

Nimeona watu wakisimulia kwamba Steere aliichagua Masasi. Hakuichagua, aliichagua Mwembe. Masasi ilichaguliwa na watu ambao maisha yao yote hadi siku ile wengine ndio waliowachagulia pa kwenda. Ukitaka kujua kwa nini kanisa liko chini ya Mtandi, jibu ndilo hilo, na mengine yote yaliyofuata yamejengwa juu yake.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mwaka 1877 alifika mmisionari Chauncy Maples, na kijiji kikakua, chenye watu wa makabila mengi waliounganishwa na Kiswahili, ibada zikiwa kwa Kiswahili, na mashamba. Mwezi Septemba 1882 Magwangwara, jina ambalo watu wa huku waliwaita Wangoni wa upande wa Songea, walikishambulia. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa na wengine kuchukuliwa. Walikuwa watu waliokwisha kutekwa mara moja katika maisha yao. Mmisionari William Porter alifunga safari hadi Ungoni kujaribu kuwakomboa. Maples na wengine wakahamia Newala, kwa mkuu Matola, uwandani juu, ambako adui alikuwa mbali na maji pia. Lakini Masasi haikuachwa moja kwa moja. Porter aliendelea nayo kwa miaka mingi.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo alipotumwa Chitangali, kwa mkuu aliyeitwa Mwenye Nakaam, kati ya Masasi na Newala, mtu ambaye jina lake lingepaswa kuandikwa kwenye barabara zetu: Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyechukuliwa akiwa mtoto mdogo, akafikishwa Zanzibar, akalelewa na misheni, akasoma hadi Canterbury, Uingereza. Alirudi akahubiri kwa watu wake kwa lugha yao, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri. Chitangali chini yake ilistawi kuliko vituo vingi vilivyokuwa na Wazungu.

Halafu ikaja 1905, na vita vya Maji Maji. Julai ya mwaka huo, kule Nandete katika milima ya Umatumbi, Kilwa, watu walianza kung'oa pamba ya serikali, na dawa ya maji kutoka Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale, ikasambaa kusini kwa kasi. Mwezi Agosti Askofu Mkatoliki Cassian Spiss na wenzake waliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale. Misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao ziliangamizwa. Wamisionari wa Masasi wakakimbilia pwani, na kituo chao kikachomwa. Wapo wanaojiuliza kwa nini wapiganaji waliwashambulia Waingereza wakati mtawala alikuwa Mjerumani. Kwa mtu aliyekuwa akichapwa viboko shambani, boma, duka na misheni vilikuwa nguzo za nyumba moja, na hakuwa na sababu ya kuuliza kila nguzo imetoka nchi gani. Hapo pana uchungu ambao bado hatujaumaliza kuusema: waliojenga kijiji kile walikuwa watu waliotoka utumwani, na waliokichoma walikuwa watu waliokuwa wakiukataa utumwa wa namna nyingine.

Baada ya vita Wabenediktini walianza upya Ndanda, mwaka 1906. Wageni wengi huchanganya misheni hizi mbili: Ndanda ni Wakatoliki, Mtandi ni Waanglikana. Mchanganyiko huo una sababu. Ingia kanisani Mtandi siku ya sikukuu utakuta ubani, kengele, Salamu Maria, na padri, na watu wataita ibada hiyo misa. Mwanglikana wa Dodoma akija kwetu hushangaa, hudhani amekosea mlango. Kanisa Anglikana la Tanzania lilizaliwa na akina mama wawili. Dodoma na sehemu nyingi za kati zilipandwa na misheni ya CMS, iliyopenda ibada za mahubiri na mapambo machache. Kusini, Zanzibar na Tanga tulipandwa na UMCA, waliopenda liturujia ya kale. Kanisa ni moja, malezi ni mawili, na malezi hukaa mwilini kuliko maandishi.

Mtu aliyeyatia malezi hayo alama nzito zaidi ni Vincent Lucas, mmisionari wa UMCA aliyekuja kuwa askofu hapa. Alikuta vijana wa Kikristo wamebanwa pabaya. Kwa Wayao na Wamakua, mvulana ambaye hajapita jando si mtu mzima, haoi, hasikilizwi. Misheni ilikuwa ikiwakataza kwenda, na mkatazwa alikuwa akichagua ama kanisa ama ukoo wake. Wengi walichagua ukoo, na mimi siwalaumu. Lucas na mapadri Waafrika wa Masasi wakafanya jambo ambalo wakati ule lilishtua wengi Ulaya: wakaliingiza jando ndani ya kanisa. Kibanda cha jando kikabaki, tohara ikabaki, mafunzo ya utu uzima na heshima yakabaki, nyimbo nyingi zikabaki. Sala na baraka ya padri vikaongezwa, na yale waliyoyaona hayapatani na imani yakaondolewa. Kwa wasichana nako walijaribu njia hiyo kwa unyago, ingawa huko kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana walezi wa unyago ni wanawake, na mwanamume, hata awe askofu, haambiwi ya unyagoni.

Wengine husema mpango ule ulikuwa ujanja wa kuuteka utamaduni. Mimi nautazama kwa waliouishi. Ulimruhusu mtoto wa Masasi kuwa Mkristo bila kuwa yatima.

Mwaka 1926 sehemu hii ilitengwa na Dayosisi ya Zanzibar ikawa dayosisi kamili, na Lucas akawa askofu wake wa kwanza, hadi 1944. Hapo ndipo kanisa la Mtandi linapopata cheo chake. Kanisa haliwi kuu kwa ukubwa wa jengo. Linakuwa kuu kwa sababu ndani yake kuna kiti cha askofu, na kiti hicho ndicho alama kwamba anafundisha kutokea hapo. Ukikihamishia kiti kwenye kibanda cha makuti, kibanda hicho ndicho kanisa kuu. Kiti cha Masasi kiliwekwa miguuni mwa Mtandi. Shule zikatanda kutoka hapo, Chidya ikiwa maarufu zaidi, na hospitali ya Mkomaindo, ambayo leo ni ya serikali, ilianzia mikononi mwa misheni hiyo. Kati ya 1960 na 1968 kiti hicho alikikalia Trevor Huddleston, aliyekuwa ametoka kupigana na ubaguzi Sophiatown, Afrika Kusini. Alikuwa askofu wetu bendera ya Uingereza iliposhushwa.

Kinachonivuta mimi zaidi, hata hivyo, ni siku ya mvua kubwa, mwezi wa Januari. Simama nje ya kanisa, tazama juu. Mwanzoni jabali linabadilika rangi tu, kutoka kijivu kuwa jeusi, kuanzia kileleni, kama nguo inayoloa. Kisha michirizi inaanza kung'aa. Halafu maji yanaachia, mito myembamba ishirini, thelathini, inateremka kwenye mwamba mtupu kwa sauti inayofanana na watu wengi wanaozungumza kwa wakati mmoja, mpaka hata aliye ndani ya kanisa anaisikia. Mvua ikikatika, jua likatoka, sauti hiyo haikatiki upesi. Watoto wanakwenda kuweka miguu pale maji yanapotoka kwenye jiwe na kuingia kwenye udongo. Nyuma yao wanakuja mama zao na ndoo.